Chokaa ya Bi Mwanvua

"Vikonzi viwili, Awa. Viwili tu."

"Hata chembe. Nilikupa kopo zima, nikakwambia hili la kaburi la mama yako. Sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Ukatoa hela, nikaikataa. Nikasema ya Bi Mwanvua haiuzwi. Leo nachungulia uani kwako naona mahindi yanaogelea ndani ya chokaa ya maiti."

"Usiseme ya maiti kwa sauti hiyo."

"Niseme kwa sauti ipi? Nikunong'oneze kama bwana harusi?"

Ua wa makuti uliogawa nyumba zao ulimfika Awa shingoni, kwa hiyo mtu aliyepita njiani alikiona kichwa chake peke yake, kimekaa juu ya makuti kama boga sokoni. Na waliopita hawakupita. Wanawake watatu walikwisha tua ndoo zao za maji wakajifanya wanapumzika. Ilikuwa Jumapili, saa mbili za asubuhi, na mtaa mzima hauna mahali pazuri pa kupumzikia kama penye ugomvi wa majirani.

Kuluthumu aliinama juu ya sufuria, akachota mahindi, akayasugua kwa viganja. Maganda yakavuka kama ngozi ya mtu aliyebabuliwa na jua.

"Tazama. Kazi ya chokaa ni hii tu, kuvua ganda. Nikiosha maji matatu haibaki hata harufu. Ndivyo wanavyopika wenyewe huko Meksiko."

"Meksiko ndiko alikozikwa mama yako?"

Mmoja wa wale wa ndoo akacheka, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Arobaini ni Jumatano," Kuluthumu akasema. "Ningenunua nyingine kabla ya hapo. Ningelipaka kaburi lote, kichwani na miguuni."

"Ungenunua kwa nani? Chokaa ya mji huu ninauza mimi. Nipe kopo langu."

"Awa."

"Kopo langu, Kulu. Mimi nilimpa marehemu. Wewe sikukupa kitu."

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, na Kuluthumu alilijua. Mwaka ule wa vita, watu walipoukimbia mji, Bi Mwanvua alimzika mdogo wake porini, njia ya kwenda Olumbi, kwa mikono, na waliporudi hakuna aliyeweza kuonyesha ni chini ya kichaka kipi. Tangu hapo bibi yule alikuwa na usia mmoja, anaurudia kwenye chai na kwenye futari: akifa, kaburi lake lipakwe chokaa ya Awa, liwe jeupe kiasi kwamba hata mtu anayekimbia alione. Awa alimpenda kwa maneno hayo. Wauza chokaa hawasifiwi mara nyingi.

Kuluthumu aliingia ndani, akatoka na kopo, akalipitisha juu ya ua. Lilikuwa karibu limejaa. Awa alilitikisa, akaona pengo dogo lililochotwa juu, akasonya kama aliyeona shimo la kisima.

Kichwa kikashuka nyuma ya makuti. Wale watatu wakajitwisha ndoo zao na kuondoka, na kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa umekwisha sikia kwamba binti wa Bi Mwanvua anawapikia wazungu chokaa ya kaburi la mama yake.

*

Kilichomsukuma Kuluthumu hakikuwa uchoyo. Kampuni iliyolisha mafundi wa kambi ya gesi ilitangaza inatafuta mpishi mmoja wa mkoa kwa chakula cha Jumamosi. Mafundi wa kuchomelea mabomba walikuwa Wameksiko na Wamarekani, na walikuwa wamechoka. Walitaka chakula cha kwao, kile alichokipika mama mtu siku ya mvua. Jaribio ni Jumatatu, sahani arobaini, vyakula viwili: cha Meksiko kimoja, cha Marekani kimoja.

Na Kuluthumu alivijua. Kabla ya vita alipika miaka miwili katika nyumba ya wageni, na mgeni mmoja, fundi mzee wa kusini mwa Meksiko, alikuwa akiingia jikoni bila kuitwa. Wapishi walimwita Mla Chokaa. Ndiye aliyemfundisha kuchemsha mahindi kwa chokaa, kuyalaza, kuyasaga, na kuufunga unga ule katika jani la mgomba pamoja na kuku na mchuzi mweusi. Wa kaskazini, alisema Mla Chokaa, wanafungia kwenye maganda ya mahindi, lakini hao usiwahesabu. Kitu chenyewe kiliitwa tamali. Kuluthumu alikila mara ya kwanza akafikiri ni binamu wa bumunda la kwetu aliyesafiri akarudi na tabia za ugenini.

Mumewe Shamte alikuwa mtu wa biashara ya ng'ambo ya Ruvuma, sabuni na sukari za Mtwara, lakini mto ule siku hizi una askari wengi kuliko wateja. Alikaa nyumbani akitengeneza redio ambazo hazikuwa mbovu. Kazi ya kambini ingeirudisha nyumba hii miongoni mwa nyumba. Kuluthumu alipokwenda kuazima sufuria la mtaa, hakuomba kwa unyonge. Alisema, "Nalitaka mpaka Jumatano. Jumatatu la kazi, Jumatano la hitima."

Sufuria hilo liliitwa Bahari. Wanawake walichangishana wakalinunua waliporudi mjini, hata kabla nyumba nyingine hazijapata milango, kwa sababu la zamani liliibwa na mtu hawezi kuoa wala kuzikwa bila sufuria. Mtunzaji wake alikuwa Nasrin, mwanamke mrefu aliyevaa funguo kiunoni na kutembea polepole ili zilie. Nasrin alilitoa, akasema, "Kalitunze. Limelisha maiti wengi."

Jumapili hiyo alasiri Domingos, dereva wa kambini, alishusha vitu vya jaribio mlangoni: makaroni, jibini la rangi ya papai, pilipili kavu nyeusi zilizokunjamana, pande la chokoleti. Zuleica, binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na tisa na simu isiyotoka mkononi, alisoma karatasi ya Kireno iliyokuja navyo.

"Chokoleti ni ya mchuzi, mãe."

"Najua."

"Mchuzi wa kuku."

"Nimesema najua. Na ufuta, na karanga. Soma makaroni."

"Makaroni yanazikwa kwenye jibini, juu unatia mkate uliosagwa, unaoka mpaka yaungue kidogo."

Shamte akainua uso kutoka kwenye redio. "Kuungua ndiyo maarifa?"

"Ndiyo utamu wake, baba. Imeandikwa."

Chini ya yote ilikuwa ndoo nyeupe. Zuleica aliigeuza. Kwenye mfuniko kulikuwa na picha ya nguruwe anacheka, amevaa kofia ya upishi.

Kuluthumu hakuigusa. Alichukua kijiti cha kuni, akaisukuma ndoo kwa ncha, ikabingirika uani mpaka chini ya mpapai karibu na ua. Akaifunika kwa karai bovu. Kisha akakitazama kile kijiti mkononi, akakitupa nje ya ua, akanawa mikono. Alipoinua kichwa alikutana macho na Awa, juu ya makuti.

Awa alikuwa ameona, kuanzia kijiti hadi kunawa, na mdomo wake ulivutika kidogo, nusura acheke. Kisha akakumbuka kwamba amenuna.

"Sasa unga utalainika kwa nini?" Zuleica akauliza. "Karatasi inasema banha, mafuta ya huyo nguruwe, mara tatu imeiandika."

"Kwa tui la kwanza na samli. Lete mbuzi ya nazi."

*

Jumatatu asubuhi Domingos alipakia sufuria la tamali nyuma ya gari. Kisha, kwa kuwa aliagizwa arudishe kisichotumika, alikwenda mwenyewe chini ya mpapai, akaitoa ndoo, akaiweka kando ya sufuria. Wakaenda hivyo, Bahari na nguruwe mwenye kofia, bega kwa bega, wakipita mbele ya kibaraza cha Nasrin. Funguo zililia.

Jikoni kambini walikuwa wapishi watatu walioitwa kwenye jaribio. Mkuu wa jiko aliitwa Osvaldo, kijana wa Maputo mwenye adabu na kalamu sikioni. Alizungumza Kireno, na Zuleica alitafsiri.

Wamarekani walikula makaroni. Mmoja alikwangua ukoko uliogandamana kwenye pembe ya trei kwa kisu, akawakatalia wenzake. Wameksiko walikuwa wanne. Mkubwa wao alifungua jani la mgomba taratibu, akanusa kabla ya kula. Alikula moja hadi mwisho. Akachukua la pili, akalitazama, akalitia mfuko wa shati, upande wa moyo, na mafuta yakaanza kuchora shati.

Kuluthumu aliliona lile doa likikua, na kwa mara ya kwanza tangu mama yake afe alijisikia mtu.

Osvaldo alikuja na karatasi. "Mama, banha iko wapi?"

Zuleica alionyesha ndoo. Osvaldo aliigeuza, akaona utepe wake haujakatwa.

"Umeirudisha nzima."

"Mwambie nimetia tui na samli," Kuluthumu akasema. "Mwambie yule mzee ametia mfukoni."

Osvaldo alisikiliza, akatikisa kichwa kama mtu anayekubali. Alikubali kweli. Ndiyo maana iliuma. "Huo mfuko wa shati ndio jibu langu mimi," alisema. "Lakini mfuko wa shati haujazi fomu. Mapishi yamepitishwa huko juu, kitu kwa kitu. Nikibadilisha moja naitwa mimi. Mama anaweza kutumia banha? Kwa vifaa vyetu, hapahapa, haendi nayo nyumbani?"

Zuleica hakutafsiri mara moja.

"Anasemaje?"

"Anauliza kama unaweza kuipikia hapahapa."

Kuluthumu alimtazama yule kijana. Hakuwa na hasira naye. Alifanana na karani wa bandari anayekwambia meli imeondoka jana.

"Mwambie mimi nina arobaini ya mama yangu Jumatano," akasema.

Kazi alipewa mwanamke aliyekuja na gari lake kutoka Pemba yetu ya bara, si ya kisiwani. Tamali zake zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Domingos aliwarudisha mjini bila kuwasha redio. Alipokuwa akilishusha sufuria alisema, "Mama Zuleica, mimi Mmakonde, nguruwe nimemla tangu nina meno. Hii yako ilikuwa nzuri kuliko ya yule." Akapangusa mikono. "Lakini najua ushahidi wangu hapa mtaani hauna bei."

*

Jumanne asubuhi Nasrin alikuja na wanawake wanane, na Mwalimu Yusufu wa madrasa nyuma yao, akitembea kama mtu aliyepelekwa. Hawakuketi. Zuleica alileta mkeka, ukabaki umekunjwa.

"Hatukuja kwa ubaya, Kuluthumu," Nasrin alianza, na kila mtu akajua walichokuja nacho. "Sufuria si langu wala si lako. Kesho mtu atafiwa, atakuja kwangu. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia hili hapa."

"Limekaa na kile kitu gari moja. Mtaa mzima umeona."

"Gari moja si chungu kimoja. Ndoo imerudi utepe wake haujakatwa."

"Nani aliuona utepe?"

"Mimi," Zuleica akasema. "Na shefe wa kambini. Na Domingos."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Mwanao, kafiri, na kafiri mwingine." Hakukusudia kumtukana mtu. Alikuwa anahesabu mashahidi.

Nasrin akageukia ua. Kichwa cha Awa kilikuwepo, kama kawaida yake. "Wewe jirani wa ua mmoja. Jumapili ulikuwa hapo. Ulimwona akiitumia ile ndoo, au hukumwona?"

Kuluthumu hakumtazama Awa. Alitazama chini ya mpapai, pale karai bovu lilipokuwa bado limelala.

Awa alikuwa na neno moja tu la kusema, kijiti. Lilikuwa fupi, na lilikuwa mdomoni. Lakini usiku mbili alikuwa amelala na lile kopo kichwani pake, na kila akilitazama liliwaka moto upya. Bi Mwanvua hakuwa na mtoto mwingine. Nani atamtetea?

"Mimi niliona chokaa," Awa akasema. "Mengine sijui."

Mwalimu Yusufu alikohoa. "Jambo lenyewe dogo, ndugu zangu. Hakuna anayesema amefanya. Ila penye shaka pana njia. Lioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Likishaoshwa hivyo, hata kama kulikuwa na kitu, limetoharika. Basi, maneno yamekwisha."

"Na kama hakukuwa na kitu?" Kuluthumu akauliza.

"Basi ni usafi tu. Usafi haumdhuru mtu."

Wageni waliwapa wenye nyumba nafasi waingie ndani wakashauriane. Chumba kilikuwa kimoja na pazia, na nje walisikiliza kwa heshima.

"Mãe, ukiosha umekiri," Zuleica alisema. "Hawaoshi sufuria la mtu yeyote mara saba."

"Usipoosha," Shamte akasema, "kesho tunapikia nini? Kwenye kikombe? Nimekwisha nunua mbuzi. Watu mia wanakuja kumsomea mkwe wangu."

"Watakuja kwa sababu ni haki yao kuja. Si kwa sababu ya sufuria."

"Mwanangu, wewe umesoma. Mimi nimezikana na watu. Nyumba isiyoliwa chakula chake, jeneza lake anabeba nani? Domingos?" Akamgeukia mkewe, na sauti ikamshuka. "Kulu, ni maji na udongo tu. Funga macho ufanye."

Kuluthumu alitoka akajifunga kapulana kiunoni. Akalivuta Bahari katikati ya ua. Hakuna aliyempokea, kwa sababu kulipokea ni kulishika kabla halijatoharika. Ndoo za maji zilitoka kisimani mkononi mwa Zuleica, aliyekuwa akilia kwa hasira na kuyamwaga nusu njiani. Kwa udongo, Kuluthumu alichimba chini ya mpapai, pale palipokuwa na ardhi laini.

"Si hapo," Nasrin akasema. "Hapo si ndipo ilipokaa?"

Akaenda kuchimba mahali pengine.

Aliosha. Nasrin alihesabu kwa sauti, bila ubaya, kama mtu anayehesabu magunia. Moja. Mbili, hiyo ya udongo. Tatu. Ikafika nne Kuluthumu akiwa ameingia sufuriani mpaka mabegani, na sauti ya kukwangua ikasikika hadi msikitini. Ndani kulikuwa baridi na pana. Alikumbuka wali alioupikia humo Bi Mwanvua mwenyewe, kwa mazishi ya wengine, na kila mara bibi yule akitoka humo na uso umejaa masizi. Tano. Sita. Wapita njia waliuliza kuna nini, wakajibiwa kwa ishara. Mtu wa pembeni aliyeuliza "Nguruwe?" hakujibiwa ndiyo wala hapana. Aliambiwa tu, "Analiosha mara saba."

"Saba," Nasrin akasema. "Alhamdulillahi."

Wakaondoka. Mkeka ulikuwa bado umekunjwa.

*

Jumatano wanaume walikuja kusoma. Wasingeweza kuacha, Bi Mwanvua hakuwa na kosa kwa mtu. Walijaa barazani na uani, wakasoma kwa sauti nzuri, wakamwombea dua ndefu. Shamte, akiwa amevaa kanzu yake ya Mtwara iliyopigwa pasi, alizunguka akisogeza viatu vya watu kivulini. Moyo ulimtulia. Alimnong'oneza mkewe mlango wa nyuma, "Umeona? Maji na udongo tu."

Wanawake hawakuja. Mmoja alituma salamu kwamba jino linamuuma, mwingine mgongo umembana, wa tatu aliita kwa mbali njiani kwamba atarudi. Kuluthumu na Zuleica walipakua peke yao. Pilau ilikuwa imeiva kwa namna ambayo haiivi kila siku, punje moja moja, nyama inaachana na mfupa. Sinia ya kwanza ikawekwa mbele ya Mwalimu Yusufu.

Mwalimu aliitazama kwa huzuni ya kweli. "Mimi nimefunga, Bwana Shamte. Nina deni la Ramadhani."

"Allah akupokelee," Shamte akasema. Akasogeza sinia kwa mzee aliyefuata.

"Na mimi nimefunga."

Sinia ikasogea. Ilisogea mstari mzima, ikapinda kona, ikarudi. Watu wazima wenye ndevu, na siku yenyewe ni Jumatano, si Jumatatu wala Alhamisi. Muhamadi, mwenye duka la pembeni, ambaye saa moja kabla alionekana na kitumbua mdomoni, aliona aibu, akasema, "Nifungieni, nitawapelekea watoto." Wengine wakashika hilohilo kama waliotupiwa kamba. Wakafungiwa kwenye mifuko. Wakashukuru sana.

Shamte alimfuata Mwalimu Yusufu hadi mlangoni. "Mwalimu. Jana ulisema sufuria safi."

"Safi, Bwana Shamte. Safi kabisa. Kisheria limekwisha."

"Basi kula tonge moja. Funga yako utalipa kesho. Tonge moja, watu wakuone."

Mwalimu alimshika mkono, akaufinya. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa na wanafunzi hamsini ambao wazazi wao walikuwa barazani. "Sheria imekwisha," alisema tena. "Mioyo inachelewa."

Zuleica alipotoka kumwaga maji ya kunawia aliikuta mifuko. Ilikuwa kwenye kona, nyuma ya duka la Muhamadi, imefunguliwa vizuri ili bata wapate. Aliokota ile ambayo bata hawajaifikia, akarudi nayo, akaiweka juu ya meza mbele ya baba yake. Shamte aliitazama mpaka nzi wa kwanza akatua. Kisha akaenda chumbani, akavua kanzu, akaikunja, akakaa na fulana.

Mwenye hitima hali kabla ya wageni. Kwa hiyo hakuna aliyekuwa amekula. Bahari lilikaa katikati ya ua, mfuniko juu, mvuke umekwisha.

*

Baada ya alasiri Awa alikuja, kwa mlango wa mbele, jambo ambalo hakulifanya tangu siku ya mazishi. Alikuwa na makopo mawili ya chokaa na brashi ya makumbi. Alisimama nje ya kizingiti.

Ng'ambo ya njia, kwenye kibaraza cha Nasrin, walikaa wanawake watano, pamoja na yule wa jino na yule wa mgongo. Walikuwa wakisukana. Mikono yote ilisimama kwenye nywele.

"Nimeleta chokaa," Awa alisema kwa sauti ya chini. "Makopo mawili. Twende tukalipake kabla jua halijazama. Arobaini isipite kaburi likiwa vile."

Kuluthumu alikuwa mlangoni, mikono bado inanuka bizari. "Umeleta chokaa tu?"

"Na brashi."

"Na kile kijiti?"

Awa akatazama makopo yake. Hakuuliza kijiti gani. "Nilikuwa na hasira, Kulu."

"Najua."

"Nilifikiri wataliosha, watachoka, yatakwisha. Mimi nilisema chokaa. Hilo jingine silo nililosema mimi."

"Hukulisema. Ulilikalia."

"Na wewe ulichota ya mama yako."

"Nilichota," Kuluthumu akasema. "Vikonzi viwili. Nitamjibu mwenyewe nikifika huko. Haya yaliyobaki nani atayajibia?"

Mikono ya Awa ilikuwa imechoka na makopo, akayaweka chini, moja huku na moja huku, brashi juu ya moja, na sasa hakuwa na kitu cha kushika. Ndani, nyuma ya Kuluthumu, aliona sinia zikiwa zimefunikwa kwa kawa, sita kwa mstari, kama zilivyopangwa adhuhuri. Aliona Shamte na fulana yake. Harufu ya pilau ilimfikia, na tumbo lake, lililokuwa halijapata kitu tangu uji wa asubuhi, likalia kwa sauti ambayo wote wawili waliisikia. Aligeuza shingo kidogo tu, kuelekea ng'ambo. Watano walikuwa wakimtazama. Nasrin alikuwa amezishika funguo zake kwa mkono ili zisilie.

Akila, kesho hata chokaa yake itakuwa na maneno. Asipokula, basi ni yeye, jirani wa ua mmoja, aliyeutia uvumi mhuri.

Kuluthumu naye alitazama ng'ambo. Kisha akasogea kando ya mlango, akalishika pazia, akalifunua lote mpaka sinia zikaonekana kutoka njiani.

"Karibu ndani, Awa," akasema, kwa sauti ya kufika kibarazani na kupita. "Tulikuwa tunakungoja wewe. Karibu ule."